Viatu Safi Ndivyo Vinavyouchimba Mlima Elgon

Ukitaka kumjua anayeuharibu uwanda wa juu wa Mlima Elgon, usianze kwa kumsaka mtupa taka. Mtazame mpandaji mstaarabu aliyetoka Kisumu au Nakuru Ijumaa jioni, viatu vipya, begi limepangwa vizuri. Akifika penye tope anasita. Anaangalia kushoto, anaangalia kulia, kisha anakanyaga pembeni penye nyasi. Nyuma yake wako wenzake thelathini na tisa, na kila mmoja ana viatu vyake vya kuhurumia.

Taka ni aibu, lakini huokotwa. Udongo uliofumuliwa kule juu hauokotwi, na unaoufumua zaidi si utovu wa adabu, ni woga wa kuchafuka. Tena kosa lenyewe huwa limeshafanyika wiki mbili kabla ya safari, katika kikundi cha WhatsApp, pale mwandalizi anapochagua mwezi, idadi ya watu na aina ya viatu.

Likitajwa neno tundra, yaani uwanda wa baridi usioota miti, akili hukimbilia Alaska au Siberia. Kenya magharibi nayo ina ya kwake. Ukiingia lango la Chorlim, kilomita 27 hivi kutoka Kitale, barabara hupanda ndani ya msitu wa podo na mitarakwa, ikapita mianzi, na kuanzia mita 3,500 hivi miti huisha. Hubaki mashungi ya nyasi ngumu, alkemila yenye majani ya rangi ya fedha, lobelia, na senesio wakubwa waliosimama mmoja mmoja kama wazee waliojifunika makoti. Maji yanayonyonywa na nyasi hizo huenda pande tatu: Nzoia huyapeleka Ziwa Victoria kupitia Budalang'i, Suam hugeuka Turkwel na kuyafikisha Turkana, na mito ya Malaba na Malakisi huyavusha mpaka kuelekea Ziwa Kyoga, Uganda. Kwa hiyo mkulima wa Budalang'i ana hisa katika uwanda ambao pengine hataukanyaga maisha yake yote.

Kanuni nyingi za kupanda milima zinazosambazwa kwenye simu zetu ziliandikwa kwa ajili ya milima ya Marekani, na nyingi ni nzuri. Zina tatizo moja tu: tundra ya Colorado ina likizo. Hulala chini ya theluji miezi mingi ya mwaka, na wapandaji wengi huifikia majira ya joto. Ya kwetu, iliyo karibu kabisa na ikweta, haipumziki. Wataalamu wa mimea husema kuwa huku ni kiangazi kila mchana na baridi kali kila usiku, na maneno hayo yachukuliwe kama yalivyo. Udongo huganda usiku, huyeyuka asubuhi, kesho tena, mwaka mzima.

Ili kuelewa maana yake, inama karibu na njia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijagusa udongo. Penye nyasi hutaona cha ajabu, umande ulioganda tu. Penye udongo mtupu utaona sindano za barafu zimesimama wima zimebanana, urefu wa sentimita mbili tatu, na juu ya kila fungu la sindano kuna ganda la udongo lililoinuliwa kama mkate ulioumuka. Bonyeza kwa kidole: linaporomoka kwa mlio mdogo wa kukatika. Jua likipanda, sindano huyeyuka na udongo ule huanguka ukiwa laini, umelegea, tayari kuchukuliwa na mvua ya alasiri. Mche wowote uliothubutu kuota hapo huwa umeng'olewa mizizi. Usiku ukifika, kazi huanza upya.

Hapo ndipo ubaya wa hatua ya pembeni ulipo. Nyasi zikiwa hai, mizizi hushikilia udongo na majani huufunika usigande kwa nguvu. Zikifa, hata kwenye kipande cha ukubwa wa sinia, barafu hupata mlango. Kuanzia siku hiyo hakihitajiki kiatu tena, kwa kuwa kipande kile kitaendelea kupanuka hata njia ikifungwa.

Tupige hesabu ndogo. Chukua kinamasi kimoja cha mita 20 kinachokatiza njia. Mtu wa kawaida hukivuka kwa hatua thelathini. Kundi la watu arobaini hukivuka asubuhi likipanda na alasiri likishuka, yaani mara themanini: hatua 2,400, siku moja, kinamasi kimoja. Hatua hizo zikiingia zote katikati, pale palipokwisha kufa, hasara mpya ni ndogo sana. Zikitawanywa upande huu na huu, kila mtu akitafuta pake pakavu, unapata ukanda uliopondwa wenye upana wa mita nne au tano. Kundi la wiki ijayo litaukuta ukanda huo nao una tope, na litapita nje yake. Wanaoijua njia ya Naro Moru ya Mlima Kenya, kwenye ile sehemu ya kinamasi kinachopanda mteremko, wameona mwisho wa hesabu hii. Hakuna njia moja pale, kuna njia nyingi zilizosukana kama mkeka, na katikati yake visiwa vya nyasi vinavyokufa.

Pembeni kukishakufa, njia yenyewe hugeuka mfereji. Ikizama shubiri moja chini ya nyasi, maji ya mvua huona huko ndiko kwao. Huteremka nayo moja kwa moja, huchimba zaidi, kingo humeguka, na wapandaji hukwea juu ya kingo ili wasitembee ndani ya kijito. Fundi wa njia angeweka mawe kwa mshazari kila hatua kadhaa ili yakengeushe maji kabla hayajapata kasi. Kazi hiyo inahitaji ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi, na jicho la anayejua. Kikundi kikianza kung'oa mawe uwandani ili kujitengenezea daraja, kinafumua udongo mahali pengine na kuwafukuza viumbe waliojificha chini ya mawe hayo dhidi ya baridi.

Basi tope hupitwaje? Katikati, kwa msururu wa mtu mmoja mmoja, hatua fupi, unyayo wote ukishuka kwa pamoja badala ya kisigino kutangulia. Fimbo ipime kina kwanza, na ncha yake ya chuma ivishwe kifuniko cha mpira. Bila kifuniko, kila hatua inaacha tundu, na tundu ni mlango mwingine wa barafu. Anayetaka kumpita mwenzake asubiri penye mwamba. Mapumziko pia ni juu ya mwamba au changarawe, hata kama kale kazulia ka alkemila kanaonekana kaliumbwa kwa ajili ya kukaliwa. Watu arobaini wakikaa juu yake nusu saa wakila mayai ya kuchemsha, wameharibu kuliko walivyoharibu wakitembea.

Kuna ushauri wa kigeni kwamba mahali pasipo na njia watu watawanyike, wasifuatane, ili njia mpya isizaliwe. Kwa watu wanne kwenye nyasi kavu ni ushauri wa maana. Kwa kundi kubwa juu ya Elgon ningeupiga marufuku kabisa, maana kundi kubwa halina sababu ya kutoka njiani hata kidogo.

Atatokea wa kuuliza: nyati je? Na ng'ombe wa Chepkitale, eneo la juu la mlima huu huu, wanaochungwa uwandani tangu enzi za mababu? Swali ni la haki, na jibu si kwamba kwato hazina uzito. Mnyama anayelisha huenda polepole, hutawanyika, akahama nyasi zikipungua. Mpandaji hana haja na nyasi. Ana haja na kilele, tena Jumamosi, kwa mstari uleule waliopita wa Jumamosi iliyotangulia. Isitoshe, Waogiek, wenyeji wa Chepkitale, wana taratibu zao za malisho na adhabu kwa anayezivunja. Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliwaunga mkono katika kesi kuhusu ardhi yao iliyogeuzwa hifadhi mwaka 2000. Kikundi kinachopanda kwa upande ule kinapita kwenye ardhi ya watu. Mwelekezi wa hapo si mapambo ya safari, ndiye anayejua ni kinamasi kipi kinavukika Agosti na kipi hakivukiki.

Sasa mwezi. Kwa udongo, safari nzuri ni kati ya Desemba na Februari, mvua ikiwa imekatika na vinamasi vimepungua. Aprili na Mei sioni sababu ya kupeleka kundi lolote juu ya mstari wa miti. Lakini ukame unaouokoa udongo ndio unaoleta moto. Uwanda wa juu wa Mlima Kenya uliungua kwa siku kadhaa mapema mwaka 2019. Oktoba 2020 moto ulipoteketeza eneo kubwa la Kilimanjaro, maelezo ya mwanzo ya wasimamizi wa hifadhi yalitaja moto wa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Kwa hiyo anayechagua Januari achague pia kutowasha kuni, kwa sababu yoyote ile.

Senesio ndiye muathiriwa wa kwanza wa moto wa kambini. Majani yake yaliyokufa hayaanguki. Huning'inia yakizunguka shina kama joho zito. Tia mkono ndani yake asubuhi yenye baridi kali utayakuta makavu, hata kama mvua ilinyesha usiku kucha, na ndiyo maana yanamvutia anayetafuta cha kuwashia. Joho hilo hulinda maji ndani ya shina yasigande. Ukilivua kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai, mti unaachwa uchi mbele ya usiku wa leo na wa kesho. Ni mti unaorefuka sentimita chache tu kwa mwaka, hivyo aliyezidi kimo cha mtu huenda alikuwapo kabla ya bibi yako kuzaliwa. Hata gogo lililolala liache. Lililala hapo likioza taratibu, na chini yake kuna panya na wadudu wasiokuwa na nyumba nyingine.

Mbona basi watu wenye gesi huishia kuwasha kuni? Kwa kawaida ni kwa sababu gesi imewaangusha. Vile vikopo vya bei nafuu vinavyouzwa madukani huwa na butani pekee au karibu pekee, na butani hugeuka mvuke kwa shida kwenye baridi kali. Kopo lenyewe hujipoza zaidi kadiri linavyotumika, mpaka mwali unabaki wa bluu hafifu usioweza kuchemsha kitu. Saa kumi na moja alfajiri, watu wanatetemeka, mtu mmoja anayatazama majani ya senesio. Nunua kopo lenye mchanganyiko wa isobutani na propani. Lipo katika maduka ya vifaa vya kambi, si katika kila supamaketi. Usiku lilaze ndani ya begi la kulalia. Likidhoofika, liweke kwenye sufuria yenye maji ya uvuguvugu vidole viwili, kamwe si maji ya moto. Kinga upepo kwa jiwe au bati, ila usilizungushie kopo pande zote, maana joto likinaswa laweza kulipasua. Kwa mpango wa tahadhari, kopo la gramu 230 lihesabie lita kumi za maji ya kuchemka, na penye upepo punguza hesabu hiyo hadi saba. Mtungi wa kilo sita wa mpishi wa kikundi hufanya kazi vizuri zaidi, lakini uishie pale magari yanapoishia, usibebwe juu ya nyasi.

Chakula kina sehemu yake katika hesabu hii. Kwenye mita 4,000 maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi, si 100. Maharagwe mabichi hayataiva leo wala kesho, yatakula gesi tu. Githeri iive nyumbani, ikaushwe maji, ibebwe kwenye mkebe wenye kifuniko na ipashwe. Chapati, viazi vitamu vilivyochemshwa, omena wa kukaangwa, njugu: vyote vinalika bila kuwasha chochote. Maganda ya ndizi na machungwa yarudi chini na mwenye nayo. Mtu husema yataoza, na kweli shambani Kisii yangeoza kwa wiki chache. Kwenye baridi hii yatakaa miezi na miezi, na kunguru watajifunza kuwa binadamu ni chakula. Chupa za maji za kutupwa sitazijadili. Zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu 5 Juni 2020, na anayezipitisha langoni anajua anachofanya.

Choo ni suala ambalo waandalizi hulipitia haraka kwa haya, na matokeo yake huonekana nyuma ya kila jiwe kubwa. Kanuni ya kawaida ni shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, umbali wa hatua 70 za mtu mzima kutoka kwenye maji na njia. Msituni inafaa. Uwandani ina kasoro mbili: vijidudu vinavyoozesha hufanya kazi polepole mno kwenye baridi, na mahali pengi ukichimba shubiri moja maji yanachipuka, kumaanisha umechimba ndani ya chanzo cha mto. Afadhali kila mtu atumie choo cha kambi kabla ya kuondoka, na kwa dharura kundi libebe mifuko miwili miwili yenye vumbi la mbao au majani ya chai makavu, ifungwe na kuteremshwa. Karatasi hubebwa kila mara, hata kwa haja ndogo.

Hapa niseme jambo la pembeni ambalo halitapendwa. Tangu serikali itangaze lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, vikundi vimeanza kupenda kubeba miche mlimani, picha ikapigwa, bango likainuliwa. Chini ya mstari wa miti, kwenye msitu uliokatwa, pandeni kwa ushauri wa wasimamizi wa misitu. Juu yake hapana. Uwanda haukukosa miti kwa bahati mbaya. Shimo la mche ni udongo mtupu mwingine, na mche wenyewe ukiletwa kwenye mfuko wa udongo wa kitaluni huja na mbegu za magugu ya bondeni.

Mbegu hizo husafiri pia kwenye nyayo. Kuna nyasi fupi ya kigeni, ileile inayoota kando ya vibaraza huko Ulaya, ambayo imeshaonekana kando ya njia za milima mirefu ya Afrika Mashariki, na haikupanda huko yenyewe. Soli isuguliwe kwa brashi ngumu na maji ya sabuni nyumbani, ikauke kabisa, kisha soksi, ukingo wa suruali na vibandiko vya nguo vikaguliwe kwa mkono. Dakika kumi zinatosha.

Narudi kwa mwandalizi, maana ndiye mwenye usukani. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi. Basi likiondoka huko usiku na kuwafikisha watu mahali barabara inapoishia asubuhi, wamepanda zaidi ya mita 2,300 bila mwili kupata habari. Saa tano kichwa kinawagonga, saa saba wanatapika, saa nane wanataka kushuka kwa njia ya mkato yoyote ile. Mtu anayeumwa hachagui pa kukanyaga. Kulala usiku mmoja Kitale, kwenye mita 1,900, na mwingine kambini ndani ya msitu ni ulinzi wa watu na wa nyasi kwa gharama moja. Kawia ufike.

Na idadi? Baadhi ya vikundi huwagawa watu arobaini kuwa mafungu manne na kuona wametimiza wajibu. Mafungu hupunguza msongamano, kupitana na yale mazulia ya mapumziko, lakini hatua ni zilezile 2,400 kwenye kinamasi kilekile. Kupunguza kweli ni kupeleka kumi na wawili, na kuwapeleka waliobaki mapangoni Kitum na Makingeny, kule chini msituni, ambako ardhi inastahimili na ambako tembo wamekuwa wakikwangua chumvi ukutani tangu zamani. Mwandalizi atasema hesabu ya basi haifungi kwa watu kumi na wawili. Haifungi, ni kweli, na hapo ndipo biashara yenyewe inapopaswa kubadilika: ada ya kilele iwe juu, ada ya mapango iwe chini, na atakayelipa ya juu aambiwe tangu mwanzo kuwa atatembea ndani ya tope.

Viatu vya tope hilo vinauzwa sokoni Kitale, na si vya kifahari. Ni gambuti za kawaida, namba moja juu ya ile unayovaa ili soksi mbili za sufu ziingie, shingo yake ifike chini kidogo ya goti. Zivae kutoka gari linapoishia hadi penye miamba ya kilele cha Koitobos, ambako gambuti huteleza. Hapo vua, zining'inize nje ya begi, vaa vile viatu vizuri ulivyonunua, panda kilele, na ukirudi chini ya miamba uzivae tena kabla ya kinamasi cha kwanza.